Siku Baba Alipopandishwa Daraja

Ilianza Jumatatu, saa sita kasorobo mchana, siku ya mwisho ya likizo. Nina hakika na saa kwa sababu dukani kuna saa ya ukutani juu ya simu, na mimi nikishika simu huwa sitazami kitu kingine. Naogopa simu. Mtu humwoni, nawe watakiwa umjibu.

Duka liko mbele ya nyumba yetu hapa Port Reitz, na simu yake ndiyo simu ya mtaa mzima. Mwenye duka alitoka barazani akaniita kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Wee mtoto! Njoo mbio! Babako yuko Nairobi, yuwakutaka!"

Nilikuwa nafua sare ya shule. Nikaenda na mikono yenye povu.

"Mwanangu! Wanisikia?"

"Abee."

"Nimepandishwa daraja!" Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Niko kwenye chumba cha wenye kadi. Hapa simu bure, chai bure, magazeti bure. Nimepewa nambari mbili, kiti cha mbele kabisa, dirishani! Wasikia?"

"Abee."

"Haya, nikitua nitapitia ofisini, nitarudi saa kumi na mbili." Akakata.

Ndiyo yote. Hakuwa na haja nyingine. Alipiga kwa sababu simu ilikuwa ya bure.

Mwenye duka alikuwa anapima sukari, masikio yote kwangu. "Kuna nini? Salama?"

Mimi ni mtu wa jibu fupi. Tangu darasa la kwanza walimu wameandika hivyo kwenye ripoti, kwamba ninajua lakini sisemi. Nikachukua maneno yaliyokuwa mafupi zaidi katika yale aliyosema baba. Nikasema, "Baba kapandishwa daraja."

Akaacha kupima. "Wallahi?"

Sikujibu.

"Mashallah! Hatimaye! Miaka yote ile, mtu mpole vile!" Akamwambia mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa, na mama yule akaenda na habari mpaka kwenye bomba la maji. Nilipomaliza kuanika sare, watu wawili walikuwa wameshanipa hongera kwa juu ya ua.

Lazima nieleze neno hili.

Baba ni tarishi wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Meli zikiingia kuna karatasi zinazotakiwa Nairobi zenyewe, zile za asili zenye mihuri, wala posta haiaminiki. Basi baba hupanda ndege ya asubuhi na mkoba, akazifikisha, akarudi na nyingine. Mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu. Mtu aliyepanda ndege mara nyingi kuliko wote katika kampuni ile ni tarishi. Siku ambazo hasafiri hukaa kwenye benchi karibu na mlango pamoja na bawabu, na ndiye anayepika chai.

Tangu mimi sijaanza shule ameahidiwa kupandishwa daraja awe karani. Karani ana meza. Karani hatumwi. Kila mwaka mpya baba alisema, "Mwaka huu, inshallah," na mama alisema, "Inshallah," na baadaye mama akawa hasemi kitu.

Kisha kampuni ya ndege ikampa kadi. Kwanza ilikuwa ya buluu, wanayopewa wanaosafiri sana, na kila safari aliandikiwa maili zake. Mwaka uliofuata ikaja ya rangi ya fedha, ndani ya bahasha iliyopigwa chapa jina lake, na mbele ya jina pameandikwa Bw. Sijawahi kuona barua nyingine iliyomwita baba Bw. Aliiweka bahasha juu ya kabati, hata baada ya kuitoa kadi. Meneja wake hakuwa na kadi ya fedha. Baba alilisema hilo mara moja tu, kwa sauti ndogo, huku akifunga kamba za viatu.

Mwenye kadi ya fedha ana mstari wake wa kujiandikisha, na Nairobi ana chumba chake cha kungojea. Ndege ikijaa, kuna wakati huchukuliwa mtu wa nyuma akapelekwa mbele, kwenye viti vipana, bila ya kulipa zaidi. Huko ndiko kupandishwa daraja kwa ndege. Baba alikuwa na elimu yake ya jambo hili, na jioni nyingine alinifundisha kana kwamba mimi nami nitakuja kuihitaji. Usiombe, anayeomba huonekana ana shida. Vaa koti hata kukiwa na joto. Usiwe wa kwanza kufika, maana wa kwanza hupewa kiti kabla hawajajua kama ndege imejaa. Kuwa na mkoba mmoja. Msalimie karani wa kaunta, muulize kuhusu mtoto wake aliyekuwa na surua. Kisha weka kadi juu ya tikiti wala usiitaje. Iache ijisemee.

Alinifundisha na mambo ya huko mbele. Kitambaa cha moto cha kupangusia mikono. Uma wa chuma, si wa plastiki. Nilikuwa nasikiliza, nakuna ukoko wa sufuria.

Mama alikuwa ameshaondoka wakati huo. Alikwenda Likoni kumwuguza bibi aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Bibi akapona. Mama hakurudi. Nilijua hatarudi upesi tangu siku aliyoondoka, kwa sababu alichukua mbuzi ya kukunia nazi. Anayekwenda kuuguza kwa mamake hachukui mbuzi, kwao mbuzi ipo. Tangu hapo mimi na baba tumekula samaki wa kukaanga na mboga za mafuta. Baba hajawahi kuuliza mbuzi iko wapi.

Nilipomtembelea mama mara ya mwisho alinituma maneno. Alisema, "Mwambie babako mimi sikuolewa na ndege. Siku atakayopandishwa daraja, akapewa meza yake, anitumie habari. Nitakuja siku hiyo hiyo." Nikamfikishia baba kama yalivyo. Akasema, "Mwaka huu, inshallah."

Kwa hiyo baba aliyajua maneno yale. Nimefikiri sana kwa nini hakuyakumbuka alipokuwa kwenye simu. Nadhani kwake daraja lilikuwa limehama ofisini likaenda kwenye ndege, bila ya yeye kujua limehama lini.

Mimi niliyakumbuka. Hilo nataka kuliandika wazi. Nilipokuwa naanika sare nilijua vizuri baba amesema nini, nambari mbili, dirishani. Hata hivyo nikavaa buibui nikaenda Likoni.

Nilifika saa nane kasorobo. Mama alikuwa ameketi mkekani anashona kofia, bibi kando yake anachambua mchele.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini? Kesho si shule?"

"Baba kapiga simu. Kasema kapandishwa daraja."

Sindano ikasimama. "Kasema mwenyewe?"

"Abee."

"Si kwamba wamemwahidi?"

"La. Kasema, nimepandishwa daraja."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nililiangalia lile jicho la kofia alilokuwa akilizungushia uzi, likiwa nusu.

Bibi akacheka mpaka akapaliwa. "Haya! Miaka yote yuaruka kama popo, leo ametua! Atakaa kitini sasa, wengine wamsimamie. Ee binti yangu, nenda kapike, usije ukatanguliwa na mwingine."

"Mama, nawe!"

"Nakwambia. Karani huyo. Makarani hawakai peke yao."

Mama aliikunja kofia, akaingia chumbani, akatoka na leso mpya bado ina mkunjo wa dukani. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mbuzi, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kikapuni, meno yake juu. Mimi nikakibeba. Kwenye feri alininunulia kashata, kitu ambacho hakukifanya tangu nilipokuwa mdogo. Nikaila. Sikuisikia ladha yake.

Ningeweza kusema kwenye feri. Ningeweza kusema nyumbani wakati anakuna nazi, sauti ile ya krr, krr ambayo ukuta wa jikoni ulikuwa umeisahau. Alikuwa anazungumza zaidi kuliko kawaida yake. Ati sasa baba atakuwa anarudi saa kumi na moja kila siku. Ati tutapaka chokaa. Ati mimi nikimaliza kidato cha nne, baba karani hawezi kukosa mtu wa kumwuliza kuhusu kazi. Nilisema "abee" kila alipomaliza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikitazama kuku akipita.

Baba alirudi saa kumi na mbili, koti la kijivu mwilini, mkoba mkononi. Kabla hajafika mlangoni mwenye duka alimkamata njiani.

"Hongera bwana! Tumesikia umepandishwa daraja!"

Baba akatabasamu, akalikung'uta koti. "Ahsante, ahsante. Ni kawaida siku hizi. Hii mara ya tatu mwaka huu."

"Mara ya tatu! Subhanallah! Mwaka mmoja?"

"Nao walishanizoea."

"Basi karibu utaimiliki kampuni!"

"Ah, hilo hapana," baba akasema, akicheka, akaingia.

Akamwona mama amesimama karibu na meza, leso mpya, pilau ya nazi imeshapakuliwa. Aliuweka mkoba chini polepole sana. Sijui niandikeje uso wake. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeamshwa na hajui ni asubuhi au jioni.

"Umekuja," akasema.

"Nilikwambia nitakuja siku hiyo hiyo. Hongera mume wangu."

"Mwenye duka amekufikishia na wewe?"

"Mtoto ndiye aliyekuja."

Baba akaniangalia, akafurahi. Kweli alifurahi. Alidhani mama ametoka Likoni kwa ajili ya kiti. Akakaa, akanawa, wakaanza kula, na mama akauliza maswali yake.

"Wamekuweka wapi?"

"Mbele. Dirishani."

"Dirishani, mashallah, upate upepo. Na meza yako ni mpya au ya mtu?"

"Meza? Iko ndani ya mkono wa kiti. Waivuta hivi, waikunjua hivi." Akamwonyesha kwa mkono wenye wali.

Mama akacheka kidogo, kwa adabu. "Mambo ya kisasa. Na jirani yako ni nani?"

"Leo alikuwa mkurugenzi wa benki, mtu mkubwa lakini hana makuu. Amenipa gazeti lake."

"Na bosi wako? Ameridhia?"

"Bosi alikuwa nyuma." Hapo baba akapunguza sauti, kama anayetoa kitu kizuri alichokificha. "Tulikuwa naye leo. Alikwenda kwa mambo yake, tukakutana kwenye kurudi. Nilipita mbele, yeye akaenda mpaka safu ya kumi na nne. Ameniona nimekaa na kitambaa cha moto mkononi. Hata hakunisalimia."

Mama alikuwa ameinua tonge. Akalirudisha sahanini.

"Ukakaa hapo kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Dakika hamsini. Kama kawaida."

"Dakika hamsini za nini?"

"Za ndege," baba akasema. "Si ndege twazungumzia?"

Nje mwenye duka alikuwa anafunga mbao za dirisha moja moja. Nilizihesabu, zilikuwa nne.

Mama hakupandisha sauti. Aligeuka kwangu. "Wewe."

"Abee."

"Ulijua?"

"Abee," nikasema tena, kama niliyeitwa mara ya pili.

Akaningoja. Mtu akikuita ukaitika, zamu ya kusema ni yake. Nilijificha hapo, ndani ya neno lile la adabu, na yeye aliona nimejificha. Naamini aliona.

"Simu ilikuwa na kelele nyingi," baba akasema haraka. "Uwanja wa ndege, kelele tupu. Mtoto hana makosa, amesikia nusu."

Simu haikuwa na kelele. Tulilijua hilo wawili, yeye na mimi. Ni mara ya kwanza baba kunisemea uongo, na sikuhisi shukrani wala aibu. Nilihisi wali ule umekuwa mwingi mdomoni.

Kisha akatoa kadi ya fedha mfukoni, akaiweka juu ya meza mbele ya mama, kama anavyoiweka kaunta. Hakuitaja. Aliiacha ijisemee. Mama aliitazama tu. Ikabidi baba aseme yeye. Alisema maili zake zimetosha tikiti mbili za bure, kwenda na kurudi. Kwamba angeweza kumpeleka mama Nairobi. Kwamba kwa kadi hii hata yeye mama angeingia kwenye kile chumba, anywe chai, apige simu popote. Kwamba inawezekana wakapandishwa daraja wote wawili, kama ndege imejaa na karani yule yule yuko zamu.

"Nikampigie nani simu?" mama akauliza.

Baba akaigeuza kadi, upande wenye jina lake juu.

"Maili hizi," mama akasema, "zote umekwenda wewe. Mimi nimekaa pale pale." Akaisukuma kadi kwa ncha ya kidole mpaka upande wa baba. "Na wa mbele na wa nyuma, si mwashuka mahali pamoja?"

"Twashuka sisi kwanza," baba akasema.

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anajibu swali. Mama akamwangalia kwa muda, na kwa muda ule nilidhani atacheka, kwa sababu alikuwa na uso wa karibu na kicheko.

"Na bosi akapita nyuma," akasema. "Umemkalia mbele, na ofisini wataka akupe meza."

"Si mimi niliyejiweka. Ni wao wa kaunta."

"Ungesema hapana."

"Hakuna anayesema hapana," baba akasema.

"Basi." Mama akainuka, akafunika pilau iliyobaki. "Basi, yamekwisha."

Hawakugombana. Mama alilala kitandani kwangu, nami chini kwenye mkeka. Hakunisemesha, wala hakunigeuzia mgongo kwa hasira. Alilala tu kama mtu anayengoja.

Asubuhi yake baba alitoka mapema kuiwahi ndege ya saa moja. Nilimsikia akilikung'uta koti. Alisimama mlangoni mwa chumba akasema, "Nitarudi saa kumi na mbili."

"Haya," mama akasema. "Safari njema."

Alipokwisha kwenda, mama alipika chai, akapasha pilau, akagawa mara mbili, nusu akaifunika kwa sahani juu ya meza. Alifagia nyumba nzima. Kisha akafunga leso na kuiweka mbuzi kikapuni. Mimi nilikuwa nimeshavaa sare, ina ukakasi kwa sababu sikuisuuza vizuri jana. Nikakibeba kikapu bila ya kuambiwa. Tulipopita dukani, mwenye duka alisema, "Naam, bi karani!" na mama akamwitikia salamu vizuri kabisa.

Meno ya mbuzi yalikuwa yananichoma pajani njia nzima. Sikukihamisha kikapu mkono wa pili. Kwenye lango la feri mama alikichukua, akanirekebisha kola ya shati, akasema, "Soma." Nikasema, "Abee." Sikungoja kuona feri ikiondoka, maana nilikuwa nimeshachelewa.

Nilifika shuleni saa tatu. Langoni palikuwa na kiranja na daftari la waliochelewa, lenye safu ya jina, ya kidato na ya sababu.

"Siku ya kwanza ya muhula!" akasema. "Andika."

Nikaandika jina, nikaandika kidato cha tatu, na kwenye sababu nikaandika: Kumsindikiza mgeni.

Akasoma. "Mgeni gani huyo wa asubuhi asubuhi?"

Nikamrudishia kalamu. Akanipa ufagio, akanionyesha uwanja. Nikaanza kwenye mlingoti wa bendera, nikafagia kurudi nyuma mpaka kwenye mfereji.